Je, wajua? Visima vya Venice havikuchimbwa kutafuta maji

Mwaka 2025, kwenye maonyesho ya kimataifa ya usanifu majengo ya Venice, Italia, watu walipanga foleni kunywa kahawa iliyopikwa kwa maji ya mfereji wa mashua. Wasanifu wa Diller Scofidio + Renfro wa New York, pamoja na wenzao, walivuta maji ya chumvi kutoka pale pale Arsenale, karakana ya kale ya meli yanakofanyika maonyesho hayo, yale yale yanayopitiwa na mashua siku nzima, wakayasafisha hadharani. Sehemu ilipita kwenye mimea inayostahimili chumvi, sehemu ikapita kwenye vichujio vya kisasa, kisha yote yakachanganywa na kuingia kwenye mashine ya kahawa. Kazi hiyo ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo ya mshiriki bora wa maonyesho yale.

Wengi waliiona kama habari ya kesho. Mimi naona ni swali ambalo mji huo umekuwa ukijiuliza kwa karne nyingi: umezungukwa na maji pande zote, je, utakunywa nini?

Venice imekaa katikati ya wangwa, juu ya visiwa vya matope na mchanga vilivyolowa chumvi. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Ukichimba karibu na bahari, mara nyingi unachota maji ya chumvichumvi yasiyokata kiu. Hata Fort Jesus ya Mombasa, iliyosanifiwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kuanza kujengwa mwaka 1593, ina birika la kuvunia maji ya mvua ndani ya kuta zake, ilhali bahari iko chini yake tu.

Lakini ukitembea Venice leo, karibu kila kiwanja utakachoingia kina kisima katikati, na nyua za nyumba nyingi kubwa nazo zina vyake. Katikati ya karne ya 19 vilihesabiwa zaidi ya 6,000. Vilipata wapi maji matamu?

Jibu ni kwamba havikuwa visima kwa maana tunayoijua. Yalikuwa mabirika ya mvua yaliyofichwa chini ya miguu ya wapita njia, na kiwanja kizima kilikuwa sehemu ya mtambo.

Mafundi walianza kwa kuchimba shimo pana, pengine karibu sawa na kiwanja chenyewe, kwenda chini kama mita 5. Kitako na kuta za shimo hilo walizipaka udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, tabaka nene lisilopitisha maji. Udongo huo ulifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Uliyashika maji ya mvua yasipotee, na ulizuia maji ya chumvi yanayosukuma kutoka nje, maana shimo lenyewe lilikuwa chini ya usawa wa bahari. Ukipasuka mahali pamoja, kisima kimekwisha.

Katikati ya kitako waliweka bamba la jiwe, na juu yake wakajenga shina la matofali, tupu ndani kama bomba la moshi, likipanda mpaka juu ya kiwanja. Nafasi yote iliyobaki kati ya shina na udongo wakaijaza mchanga. Kisha wakatandaza sakafu ya mawe, wakaiinamisha kidogo ielekee kwenye mawe yenye matundu, kwa kawaida manne, yaliyolizunguka shina kwa mbali. Mvua ya kiwanjani ilikimbilia huko, na ya mapaani ikaletwa na milizamu. Chini ya matundu maji yalizama mchangani, yakashuka polepole yakiacha uchafu njiani, halafu yakapenya kwenye mianya ya matofali chini ya shina. Aliyekuja na ndoo alikuta maji yaliyokwisha kuchujwa. Aliyoyaona mle ndani yalikuwa sehemu ndogo tu. Mengi zaidi yalikuwa yamelala ndani ya mchanga.

Adui alikuwa bamvua. Maji ya bahari yakipanda mpaka kiwanjani, yaliingia kwenye matundu yale yale ya mvua na kuharibu maji ya mtaa mzima. Ndiyo sababu utaona viwanja ambako sakafu inayozunguka kisima imeinuliwa kwa ngazi kadhaa. Na kiangazi kikirefuka, mashua zilileta maji ya mto Brenta kutoka bara na kuyamimina kwenye visima. Mwaka 1884 mji ulipata maji ya bomba, na baadaye midomo ya visima ikafungwa kwa mifuniko ya chuma.

Sasa jaribu kuupiga picha mtambo huu. Kamera itakupa jiwe la duara lililochongwa vizuri, njiwa wawili, na mtalii aliyepumzika. Kila kilicho muhimu kimebaki chini. Hapo ndipo wasanifu hukimbilia mchoro wa mkato: unaikata ardhi kwa penseli kama mtu anavyokata papai, kati kwa kati, ukautazama upande wa ndani. Vitone kwa mchanga, mistari ya mshazari kwa udongo wa mfinyanzi, vijumba kwa matofali, mstari mmoja mwembamba kwa usawa wa maji.

Kompyuta huchora mkato upesi na kwa usahihi, wala siidharau. Ila mkono hukuchelewesha mahali unapohitaji kuchelewa. Unapojaza vitone vya mchanga kimoja kimoja unafika ukingoni, na huko lazima uamue: udongo unapanda mpaka wapi? Unakutana vipi na sakafu? Pengo dogo uliloacha kwenye karatasi ni chumvi ndani ya ndoo ya mtu. Ndiyo maana hufurahi nikiona maonyesho ya usanifu yakitundika michoro ya mkono, yenye alama za kufutwa na mistari iliyorudiwa. Pale unaona mtu akihangaika na maji hatua kwa hatua.

Msanifu majengo Carlo Scarpa alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa Venice mwaka 1906, na stashahada aliyoipata mwaka 1926 ilikuwa ya kufundisha uchoraji wa usanifu. Alichora bila kuchoka kwa penseli na rangi, mchoro juu ya mchoro, akirudia kona moja mara nyingi mpaka aridhike jinsi jiwe linavyokutana na chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliitengeneza upya sakafu ya chini ya jumba la Querini Stampalia, nyumba ya kale yenye maktaba na makumbusho, ambayo bamvua ilikuwa ikiivamia.

Wengine wangeziba mlango. Serikali ya Italia imejenga milango 78 ya chuma kwenye midomo mitatu ya wangwa, iliyoinuliwa kuzuia bamvua kwa mara ya kwanza Oktoba 2020, na siwalaumu, kwani mwaka 2019 maji yalipanda mpaka karibu sentimita 190 juu ya kipimo cha kawaida cha bahari. Scarpa alijiuliza maji yakiingia yapite wapi. Mlango unaotazama mfereji akauwekea nyavu za chuma zinazopitisha maji. Ndani akajenga njia ya kupita iliyoinuliwa, yenye kingo kama sinia, akaitenga na kuta za kale kwa mtaro. Bahari ikipanda, inaingia kupitia nyavu, inapanda ngazi za mawe moja baada ya nyingine, inazunguka mtaroni kando ya ukuta, na mgeni anapita katikati akiyatazama maji, viatu vikiwa vikavu.