Biofueli ya gari la petroli si mafuta

Kila petroli ikipanda bei hazikosekani sauti za kusema dawa tunayo uani: mbono kaburi umejaa kwenye nyua na makaburini, ukamuliwe, mafuta yake yaingie kwenye gari, habari za kungoja meli ziishe. Miaka ya 2000 kauli hiyo ilifika hadi ya kufyekewa mashamba makubwa Kisarawe na Kilwa, na mashamba hayo yakafa. Mpaka leo yanatajwa kama ushahidi kwamba biofueli ilijaribu kuchukua nafasi ya petroli ikashindwa. Haikujaribu. Mbono kaburi ni habari ya dizeli. Biofueli ya gari la petroli ni ethanoli, yaani spiriti.

Biofueli, au nishati mimea kama wanavyoiita magazetini, ni kimiminika au gesi ya kuendeshea injini iliyotokana na mimea au mabaki ya viumbe wa juzi na jana, si waliolala chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Maana yake ndiyo hiyo. Kuni na mkaa navyo vyatoka kwenye mimea, ila hivyo huitwa tungamotaka na haviingii kwenye tangi.

Kinachotuvuruga ni neno letu wenyewe, mafuta. Hili halikuja na meli. Mkikuyu anasema maguta, Mzulu anasema amafutha, kwa Kilingala ni mafuta vilevile, na ufuta tunaoupaka juu ya mkate umetoka kwenye shina hilohilo. Tangu zamani ni jina la kitu kinachoteleza na kuganda: ya nyama, ya nazi, ya kujipaka. Yalipoingia makopo ya kuwashia vibatari tukasema mafuta ya taa, kisha petroli na dizeli zikapitia mlango huohuo. Sasa mtu akikutuma "mafuta" hujui uende dukani na chupa au sheli na dumu. Na ukisikia "mafuta ya mimea" akili inakimbilia alizeti.

Waswahili wa Kongo wamenusurika. Kwao petroli ni esansi na dizeli ni mazutu, na hakuna anayedhani esansi inakaangiwa samaki. Jina la esansi ni la Kifaransa, lenye maana ya kiini chepesi kinachopatikana kwa kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke wake), na linaisema petroli vizuri kuliko jina la petroli lenyewe, ambalo ni Kilatini cha petra, mwamba, na oleum, mafuta. "Mafuta ya mwamba" lilikuwa jina la ule uji mweusi unaotoka kisimani, kabla haujachujwa. Waingereza wakalibandika kwenye sehemu yake nyepesi, nasi tukalipokea hivyo.

Alkoholi nayo imezunguka. Mzizi wake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja wa manga, ule unga laini wa machoni. Wakemia wa Ulaya walilichukua neno wakalitumia kwa chochote kilichosafishwa hadi kikawa laini kabisa, mwisho likabaki kwa roho ya mvinyo, ambayo ndiyo spiriti, ambayo ndiyo ethanoli. Kwa asili ya maneno, basi, biofueli ya petroli ni ndugu wa wanja, haina udugu na ufuta.

Anayetaka kuona tofauti kwa macho achukue karatasi nyeupe, akae mbali na moto, adondoshe tone moja moja. Petroli inakauka ukiangalia. Ethanoli inakauka. Mafuta ya alizeti yanaacha doa linalong'aa, na wiki ijayo utalikuta palepale. Injini ya petroli inawasha mvuke kwa cheche ya plagi. Mafuta ya mmea hayatoi mvuke. Ukiyachemsha yanaungua na kuvunjika kabla ya kuwa hewa. Ukiyatia kwenye kabureta plagi italowa, injini haitawaka, na ukiyachanganya na petroli ili "iwake kidogo" utavuna moshi mweupe na masizi juu ya pistoni. (Oili inayochanganywa kwenye pikipiki za tuu-stroki ni ya kulainisha. Haiwekwi ili iunguzwe.)

Kwenye dizeli mambo ni mengine, maana dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Lakini mnato wa mafuta mabichi ni karibu mara kumi ya ule wa dizeli, nozeli za leo, vile vitundu vinavyopuliza mafuta ndani ya injini, haziwezi kuyapasua yakawa ukungu. Ndiyo maana hugeuzwa biodizeli: lita moja ya mafuta safi, methanoli (alkoholi nyingine) kama mililita 200, kostiki soda gramu 3.5, nyuzi 55 hadi 60 kwa saa moja au zaidi, kisha yanaachwa usiku kucha gliserini ituame. Mafuta yakiwa na maji unapata sabuni. Tuishie hapo, dizeli ina siku yake.

Turudi kwenye ethanoli, maana hata wasioidhania tena kuwa mafuta hawatofautishi aina zake. Ziko mbili: yenye maji na kavu. Ukikeneka molasi (uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa) iliyochachuka, hata urudie mara ngapi, utagota kwenye asilimia 95.6 kwa uzito. Hapo mvuke unapanda na maji yake kwa uwiano uleule uliomo kwenye chungu, kwa hiyo moto hauna tena cha kutenganisha. Kuyatoa maji yaliyobaki kunataka chembe za zeolaiti zenye vitundu vinavyoimeza molekuli ya maji na kuikataa ya ethanoli, au njia ya kizamani ya chokaa ambayo haijazimwa. Ile inayotoka hapo ndiyo kavu, na ndiyo pekee inayochanganywa na petroli.

Kwa nini? Chukua lita 9 za petroli na lita 1 ya ethanoli kavu. Mchanganyiko huo unaweza kubeba maji kama mililita 50 tu bila kugombana. Sasa badala ya kavu tumia spiriti ya asilimia 95: lita hiyo moja imekuja na mililita 50 zake tayari. Mchana Dar es Salaam yote yataonekana safi. Usiku wa Njombe au Limuru mchanganyiko unapopoa, maji na ethanoli vinashikana na kuzama chini, petroli inabaki juu imepungukiwa oktani, yaani uwezo wa kubanwa bila kujiwakia kabla ya cheche. Bomba la kutolea mafuta liko chini ya tangi, kwa hiyo kinachofika kwenye kabureta asubuhi ni spiriti yenye maji, na kabureta imepimwa kwa petroli. Kutikisa tangi hakusaidii. Ni kumwaga yote na kuanza upya.

Ajabu ni kwamba Brazili spiriti yenye maji kama asilimia 5 huuzwa pampuni tangu enzi za Proálcool, mpango wa serikali wa ethanoli ulioanza 1975, na magari yanakwenda. Siri yake ni kwamba ikiwa peke yake haina petroli ya kutengana nayo. Kinachotakiwa ni injini iliyopimiwa hiyo. Kilo moja ya petroli hutaka hewa kilo 14.7, ya ethanoli hutaka 9, hivyo kipenyo cha jeti, kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta, lazima kiongezwe karibu robo: ya namba 100 inakwenda 125 hivi. Raba za asili na vyuma vya zinki navyo vibadilishwe. Kuwasha kwenye baridi ni tabu, na magari ya kwanza ya Brazili yalikuwa na kitangi kidogo cha petroli kwa kazi hiyo tu. Nguvu iliyomo kwenye lita ni kama theluthi mbili ya petroli, na ndiyo maana dereva wa huko hupiga hesabu: ethanoli ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, anaweka petroli.

Kwenye mchanganyiko wa asilimia 10 hasara hiyo ni kama asilimia 3, bodaboda hata haioni. Itakayoonekana ni filta iliyoziba wiki za mwanzo, kwa sababu ethanoli inang'oa utando wa miaka iliyopita tangini. Kenya ilichanganya hivyo kuanzia 1983 hadi 1993, kwa ethanoli ya Muhoroni. Malawi ilianza 1982 na kiwanda cha Dwangwa. Mpaka wa kweli uko kwenye molasi: tani 100 za miwa hutoa molasi kama tani 4, na hizo hutoa ethanoli lita 1,000 hivi. Ukigeuza maji yote ya muwa unapata zaidi ya mara saba, ila huna sukari, na sukari tayari tunaagiza.

Wapo pia wanaosema petroli yenye ethanoli "imechakachuliwa". Kuchakachua ni kutia mafuta ya taa kwa siri, na hayo hushusha oktani. Ethanoli huipandisha, na kiwango chake hupimika bila maabara. Mtungi wa mililita 100 wenye alama: petroli 50, maji ya chumvi 50 (gramu 100 za chumvi kwa lita). Funga, pindua mara kadhaa, ngoja dakika 15. Maji huivuta ethanoli. Yakipanda kutoka 50 hadi 63, zidisha 13 kwa 2, ongeza 1: asilimia 27, kiwango cha ethanoli kwenye petroli ya Brazili kwa miaka kumi kuanzia 2015.

Kwa hiyo mwenzako akikwambia gari lake la petroli linaweza kutumia mafuta ya mimea, usimkatalie moja kwa moja. Mwambie anachokitaka ni spiriti, kisha muulize ina maji kiasi gani.