Halb acht si saa nane na nusu

Wanafunzi wangu wa Kijerumani wakikaribia safari huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, nikifika dukani niseme nini?" Cha kusema utakijua tu. Kinachokwamisha watu ni wanachoulizwa.

Wiki yangu ya kwanza Leipzig, Ujerumani, niliingia duka la mikate na sentensi niliyoikariri njia nzima. Niliitamka vizuri mno, na hapo ndipo nilipokosea, maana muuzaji aliamini najua lugha. "Sonst noch was?" akaniuliza, maneno matatu yameshikana kama moja. Sikuelewa, nikaitikia "ja", yaani ndiyo, kama tulivyozoea kumwitikia mtu kwa adabu hata tusipomsikia vizuri. Kumbe aliuliza kama nataka kingine. Basi yeye akangoja nitaje hicho kingine, mimi nangoja mikate yangu, na nyuma yangu foleni inakohoa.

Maswali ya kaunta ni machache. Kingine? Unakula hapa au unabeba? Kadi au taslimu? Risiti utaitaka? Kwa hiyo darasani mimi ndiye muuzaji, tena wa kubwabwaja, sirudii mpaka niombwe.

Kujiandikisha makazi, yaani kuiambia ofisi ya mji unaishi wapi, ni rahisi kuliko mkate, niamini. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie, na karani atataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, kuthibitisha kuwa umehamia kwake. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Usijitese kulitamka, liandike, umwonyeshe. Ila mkataba wa pango hausimami badala yake, na wengi hurudishwa kwa hilo.

Saa ndizo zilizonitesa. Mhudumu wa mapokezi kwa daktari aliniambia nije Jumatano, "halb acht". Nikasikia nusu, nikasikia nane. Saa nane na nusu, basi! Nikala chakula cha mchana kwa raha zangu, nikaenda, nikakuta mlango umefungwa, kwani madaktari wengi kule hawafungui Jumatano mchana. Mjerumani huihesabu nusu kwa saa inayokuja: halb acht ni nusu ya njia kuiendea nane, yaani 7:30 asubuhi. Kwetu hiyo ni saa moja na nusu. Mswahili anapiga hesabu mara mbili: kwanza airudishe saa nyuma, kisha aihamishe kwenye saa zetu. Ukiwa na homa, hesabu hiyo haitoki.

Kesho yake nikarudi kuomba radhi. Yule mama hakununa, akanipa miadi nyingine: "viertel neun". Neun ni tisa, viertel ni robo. Tisa kasorobo? Tisa na robo? Leipzig, kama sehemu nyingi za mashariki mwa Ujerumani, hiyo ni robo ya kwanza ya kuiendea tisa, 8:15, saa mbili na robo ya asubuhi. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilimsogezea kalamu na karatasi, nikamwomba aniandikie.