Umesafisha sensa mwenyewe na sasa picha zina alama: soma hapa kabla ya kuigusa tena

Umerudisha lenzi, umepiga picha ya anga, na kuna mstari ambao haukuwapo kabla hujasafisha. Weka chini swabu, yaani kijiti chenye kitambaa ulichofutia. Madhara makubwa ninayoyakuta kwenye kamera zilizosafishwa nyumbani mara nyingi hayakuletwa na mfuto wa kwanza. Yaliletwa na wa tatu na wa nne, pale mtu alipoendelea kukisugua kitu asichokijua, kila mara akizidisha nguvu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitambua alama yenyewe. Kioo kitasubiri.

Na ulichokigusa ni kioo hasa, si sensa. Mbele ya sensa kuna kichujio chenye vioo kadhaa vilivyopangwa pamoja: kimoja huzuia mwanga wa infraredi, na katika kamera nyingi kingine hulainisha kidogo picha ili vitambaa na paa za bati visitoe mawimbi ya rangi. Katika kamera nyingi kubwa, pikseli ziko milimita moja hadi mbili hivi nyuma ya uso ulioufuta. Uso huo umepakwa utando wa kuzuia mng'ao, ambao tabaka lake moja huwa na unene wa karibu nanomita 100. Kioo chenyewe ni kigumu na hakikwaruzwi na kitambaa laini. Kinachokikwaruza ni punje ya mchanga iliyonaswa chini ya swabu, na utando ndio unaotangulia kuumia.

Picha ya majaribio

Tumia ukuta mweupe au anga lisilo na mawingu. ISO 100, tundu la lenzi f/16, fokasi ya mkono, na picha isiwe kali: ukiwa karibu na ukuta, peleka fokasi mbali kabisa. Ongeza mwanga kwa hatua moja ili weupe usigeuke kijivu. Ukutani, shata iwe kati ya nusu sekunde na sekunde moja, na uitembeze kamera wakati iko wazi ili madoa ya ukuta yajifute yenyewe. Shata ya polepole ina faida nyingine: chini ya taa za LED, shata ya haraka huchora mikanda ya giza ambayo wengi huidhania kuwa sensa imeharibika. Piga picha ya pili kwa f/2.8, au tundu pana kadiri lenzi yako inavyoruhusu. Ziongezee zote mbili kontrasti kwenye kompyuta na uzilinganishe.

Kwa nini mbili? Tuseme uso wa kichujio uko milimita 1.5 mbele ya pikseli. Kwa f/2.8, mwanga unaoelekea kwenye pikseli moja hupita kwenye duara la karibu milimita 0.54 juu ya uso huo. Kwa f/16, duara hilo ni milimita 0.09 tu. Mkwaruzo wenye upana wa milimita 0.02, hata kama ungeziba mwanga wote, ungekula takriban asilimia 5 kwa f/2.8, lakini asilimia 27 kwa f/16. Ndiyo maana alama iliyo juu ya kichujio hukolea tundu likibanwa na hufifia likifunguliwa. Alama yenye ukali uleule kwa matundu yote ina chanzo kingine, karibu zaidi na pikseli, au ni hitilafu ya umeme.

Nukta moja nyekundu, kijani au samawati inayobaki hata lenzi ikiwa imefunikwa ni pikseli iliyochoka. Kusafisha hakukuisababisha, na kamera nyingi zina amri kwenye menyu ya kuzipanga upya pikseli ambayo huificha. Mstari wa upana wa pikseli moja, ulionyooka kabisa kutoka juu hadi chini, ni safu iliyokufa. Mkono wa binadamu hauwezi kukwaruza kwa unyoofu huo. Mkanda mpana wa giza unaovuka picha unahitaji jaribio moja zaidi: kama kamera ina shata ya kielektroniki, piga nayo. Mkanda ukitoweka, kioo hakina kosa. Mapazia ya shata yameguswa au yamepinda. Hilo hutokea betri inapokata katikati ya kusafisha na shata ikajifunga juu ya swabu, au mtu anapofuta kamera isiyo na kioo cha kuakisi ambayo hufunga pazia ikizimwa, akidhani pazia hilo ndilo kioo cha sensa. Mapazia yaliyopinda hayanyooshwi. Shata nzima hubadilishwa.

Kuitazama alama kwenye kioo

Fungua kamera kwa amri ya kusafisha, betri ikiwa imejaa, na umulike kwa tochi ndogo kutoka pembeni, karibu usawa na uso wa kichujio. Kumbuka kwamba picha hugeuzwa juu chini: alama iliyo juu kushoto kwenye picha utaikuta chini kushoto unapoitazama sensa kwa mbele. Watu wengi husugua kona isiyo na kitu kwa sababu ya kusahau hili.

Michirizi mipana yenye ukingo laini, mara nyingi kama upinde mahali swabu ilipoishia, ni kimiminika kilichokauka. Madoa ya duara yenye kitovu angavu zaidi ni mafuta. Ulifagia mafuta ya mitambo kutoka kingo za chumba kwa sababu swabu ilikuwa pana mno au uliiegemeza ukutani. Mkwaruzo ni uzi mwembamba wenye ncha kali, unaometa ukigeuza tochi. Utando uliochubuka huonekana kama kiraka ambacho rangi ya mng'ao wake, zambarau au kijani, imetofautiana na ya jirani zake.

Aina inayonisumbua zaidi ni unyevu uliopenya chini ya kichujio kupitia ukingoni. Sogeza kichwa kushoto na kulia ukiutazama. Kama alama inaachana na vumbi lililo juu ya uso, iko ndani, na hakuna mfuto utakaoifikia. Ikiwa umemwaga kimiminika kingi sasa hivi na unashuku kimepenya, toa betri, elekeza mdomo wa kamera chini na uiache siku nzima mahali pakavu kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu. Methanoli, alkoholi iliyomo katika baadhi ya vimiminika vya kusafishia sensa, hukauka haraka. Tatizo ni uchafu inaouacha nyuma.

Kinachorekebishika kwa mkono

Michirizi na mafuta tu. Kwanza puliza kwa pampu ya mpira mara kumi hadi kumi na mbili, mdomo wa kamera ukiangalia chini, ili punje ngumu zianguke kabla kitambaa hakijagusa kioo. Usitumie kopo la hewa iliyobanwa, kwa sababu hutema gesi ya kimiminika yenye baridi kali inayoacha doa baya kuliko vumbi. Usipulize kwa mdomo pia. Mate yana chumvi, na alkoholi tupu huisambaza bila kuiondoa; doa la mate huhitaji kwanza kimiminika cha kusafishia sensa chenye maji.

Swabu iwe mpya, ya milimita 24 kwa sensa ya fremu kamili au milimita 16 kwa APS-C, sensa iliyo ndogo kuliko hiyo. Matone mawili kwenye ncha yanatosha fremu kamili, moja kwa APS-C. Subiri sekunde tano yasambae. Vuta kutoka ukingo hadi ukingo kwa mwendo mmoja usiosimama katikati, kwa uzito kama wa kalamu inayoandika, geuza upande wa pili, rudi, kisha itupe. Michirizi ikibaki, matone yalizidi: tumia swabu nyingine yenye tone moja pungufu, au kavu kabisa ikiwa uso bado una unyevu. Mafuta yanaweza kudai swabu tatu, kwa sababu ya kwanza huyasambaza zaidi ya kuyaondoa. Zaidi ya hapo, simama. Kama kamera ina kitulizi cha mtikisiko kwenye sensa, sensa huelea kwenye sumaku na chemchemi. Ukihisi inasogea chini ya mkono, unabonyeza mno, na picha zilizoinama upande mmoja au mlio mpya wa kukwaruza huweza kufuata.

Madoa ya mafuta yanayorudi baada ya picha mia chache hayakuletwa na usafishaji wako. Nikon D600 ya mwaka 2012 ndiyo mfano maarufu: madoa yalirudi hadi mwaka 2014 kampuni ikaamua kubadilisha shata bila malipo.

Mkwaruzo wa kweli

Haufutiki. Dawa ya meno, krimu ya kung'arishia skrini na vumbi la kusagia vioo vyote huondoa utando mwingi zaidi karibu na mkwaruzo, na uzi mmoja unageuka kiraka. Nimeona ushauri huu ukirudiwa mara nyingi na unaniumiza, kwa sababu unaharibu kamera ambazo zingeendelea kufanya kazi kwa miaka.

Kama mkwaruzo ni mwembamba, piga kati ya f/2.8 na f/5.6 na kwa picha nyingi hautauona. Kwa mandhari ya f/11 na kuendelea, piga picha ya ukuta mweupe kwa lenzi ileile, tundu lilelile na zumu ileile, kisha programu ya kuhariri iigawanye picha halisi kwa hiyo ya ukuta. Kivuli hukaa mahali pamoja hata kitulizi kikifanya kazi, kwa kuwa kichujio husogea pamoja na sensa. Ukibadilisha lenzi, kivuli huhama kidogo. Piga picha ya ukuta upya.

Kubadilisha kichujio peke yake kunawezekana, ila si kazi ya mezani nyumbani. Kioo chenye kielezo cha mpindo 1.5 (kipimo cha jinsi kinavyopindisha mwanga) husogeza fokasi kwa thuluthi ya unene wake, hivyo kikipungua milimita moja, fokasi inahama milimita 0.33. Kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo cha kuakisi, fokasi hupimwa kwa njia nyingine, kwa hiyo kila picha itakosa ukali ingawa kamera inadai imelenga. Kamera isiyo na kioo cha kuakisi hupima kwenye sensa yenyewe na huvumilia zaidi, lakini pembe za lenzi pana hulegea. Sensa pia hukaa juu ya vipande vyembamba vya kurekebisha kina; vikichanganywa, upande mmoja wa picha hupoteza ukali. Na kamera yenye flashi ya ndani ina kapasita inayohifadhi karibu volti 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Vituo vya huduma mara nyingi hubadilisha sensa na kichujio kwa pamoja, na bei yake huweza kukaribia ya kamera iliyotumika. Omba makadirio kwa maandishi kabla hawajafungua. Wapelekee picha zako mbili, ya f/2.8 na ya f/16, bila kuzihariri, na uwaambie ukweli: kimiminika gani ulitumia, matone mangapi, swabu ngapi, na kama shata ilijifunga katikati. Fundi asiyejua kwamba unyevu ulipenya ukingoni ataanza kwa kufuta uso ulio safi.