Du riz au le riz? Jibu limo katika kitenzi cha Kiswahili

Miongoni mwa wanafunzi wangu wa Kifaransa hapa Mbeya, ambao baadhi yao ni madereva na wafanyabiashara wanaopitia Tunduma kuelekea Lubumbashi, hakuna kinachosumbua kama vineno du, de la na des, vinavyowekwa mbele ya nomino kutaja kiasi kisichobainishwa. Wengi wamekariri kwamba du ni muungano wa de na le, jambo ambalo ni kweli, lakini halimwambii mtu ni lini aseme du riz na ni lini aseme le riz. Naamini Kiswahili kinatuonyesha njia, kwa kiambishi cha mtendwa, yaani kile kipande ndani ya kitenzi kinachowakilisha kitu kinachotendwa.

Mtu aliyetoka soko la Mwanjelwa akisema "Nimenunua mchele", ametaja bidhaa tu, kwa kiasi kisichobainishwa, na kwa Kifaransa ni J'ai acheté du riz. Akisema "Nimeununua mchele", kile kiambishi u humjulisha msikilizaji kwamba ni mchele ule uliokwisha kuzungumziwa, pengine wa Kyela alioagizwa, na hapo Kifaransa hutaka J'ai acheté le riz. Vivyo hivyo, "Nimekunywa chai" ni J'ai bu du thé, na "Nimeinywa chai" ni J'ai bu le thé. Sisi alama tunaiweka ndani ya kitenzi. Wao huiweka mbele ya nomino.

Ukanushi hugeuza du kuwa de, ila le haiguswi: "Sikununua mchele" ni Je n'ai pas acheté de riz, ilhali "Sikuununua mchele" ni Je n'ai pas acheté le riz. Baada ya kipimo pia ni de, kama un kilo de riz (kilo ya mchele) au un sac de pommes de terre (gunia la viazi), na hilo ni la kukariri tu.

Mlinganisho huu hukwama kwenye vitenzi vya kupenda na kuchukia. "Napenda chai" haina kiambishi cha mtendwa, kwa hiyo mwanafunzi makini huandika J'aime du thé, na kwa mantiki niliyomfundisha siwezi kumlaumu. Kifaransa, hata hivyo, hapo huichukulia chai kwa ujumla wake, si kiasi chake, na husema J'aime le thé. Katika ukanushi, Je n'aime pas le thé. Adorer (kupenda mno), préférer (kupendelea) na détester (kuchukia) hufuata mkondo huohuo. Kitenzi être (kuwa) nacho kina ukaidi wake, kwani du hubaki du hata katika ukanushi: mnunuzi anayelalamika kwamba kauziwa mchele wa kwingine atasema Ce n'est pas du riz de Kyela.