"Data Iko Tayari, Nifanyie Sura ya Nne": Dhana Potofu Kuhusu Mwalimu wa Takwimu

"Mwalimu, data iko tayari. Nifanyie sura ya nne tu, ninatetea tarehe 18."

Sura ya nne ni ile ya matokeo katika tasnifu, na kutetea ni kuijibia tasnifu hiyo mbele ya jopo. Simu ya namna hiyo nimeipokea mara tatu mwezi huu, na ya tatu ndiyo iliyonikalisha kuandika. Nafundisha takwimu hapa Kisumu, mwanafunzi mmoja mmoja, wengi wao wakisomea uzamili: walimu, wauguzi, maafisa wa kaunti, wafanyakazi wa mashirika. Wanatoka Maseno na Bondo, wengine Kakamega, wachache Njoro. Ni watu wanaosoma usiku watoto wakishalala, na karo wanajilipia wenyewe. Si wavivu hata kidogo. Ila kuna mambo waliyoambiwa kuhusu takwimu na kuhusu anayezifundisha, wakayaamini, na mambo hayo yanawala pesa na miaka.

"Mwalimu hutafutwa data ikishakusanywa"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie nikilikalia.

Mama mmoja muuguzi alinijia na begi la shule la mwanawe. Ndani mlikuwa na hojaji 180, zimefungwa kwa mipira ya rangi, kila zahanati na rangi yake. Ukiziangalia unamvulia kofia. Alitaka kujua kama elimu ya mama mjamzito inahusiana na mahudhurio yake ya kliniki. Swali lake la 7 liliuliza: "Je, ulihudhuria kliniki ipasavyo wakati wa ujauzito?" Ndiyo au hapana. Tukaketi mezani, yeye akisoma, mimi nikipiga vijiti kwenye karatasi. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Chai ikapoa. Tulipofika mwisho tulikuwa na ndiyo 176 na hapana 4.

Kitu unachokipima katika utafiti huitwa kigeu kwa sababu kinageuka kutoka mtu hadi mtu. Hiki hakikugeuka. Tuseme akina mama 90 walifika sekondari na 90 hawakufika. Kama elimu haina uhusiano wowote na mahudhurio, tungetarajia "hapana" 2 upande huu na 2 upande ule, ilhali kanuni ya kawaida ya kai-skwea, jaribio la kupima kama mambo mawili yanahusiana, inataka matarajio yasiyopungua 5 katika kila chumba cha jedwali. Lipo jaribio la Fisher ambalo huhimili namba ndogo hivyo, lakini nalo haliwezi kukupa habari ambayo hukuikusanya.

Kosa lilifanyika miezi minne kabla, siku hojaji ilipoandikwa. "Ipasavyo" kila mtu huipima kwa kipimo chake. Tena aliyeuliza alikuwa amevaa sare ya uuguzi, ndani ya zahanati. Nani atamtazama muuguzi machoni amwambie hapana? Na jibu la kweli lilikuwa pale pale, ndani ya mkoba wa kila mama: kijitabu cha kliniki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8 katika ujauzito mmoja, badala ya 4 ya zamani. Angefungua kijitabu akahesabu, angepata 2 kwa huyu, 5 kwa yule, 7 kwa mwingine. Ni kazi ya dakika moja kwa kila mama, na ingempa namba zinazopanda na kushuka, zile ambazo uchanganuzi wowote hujengwa juu yake.

Aliniuliza, "Sasa mwalimu, hakuna namna?" Hojaji hazikuwa na majina, na hivyo ndivyo maadili ya utafiti yanavyotaka, kwa hiyo kuwarudia akina mama wale wale hakukuwezekana. Ilibidi arudi nyanjani upya na kulipa karo ya muhula mwingine. Saa moja kabla ya kuchapisha hojaji ingemwokoa, na saa hiyo ningempa hata bila malipo.

Mwaka 1938, Ronald Fisher, yule yule wa jaribio nililolitaja, Mwingereza aliyejenga sehemu kubwa ya takwimu tunazofundisha leo, aliwaambia wanatakwimu waliokutana India kwamba kumwita mtaalamu wa takwimu jaribio likishakwisha mara nyingi ni kumwomba achunguze maiti: huenda akaweza kusema tu jaribio lilikufa kwa maradhi gani. Miaka mingi imepita, na bado naletewa maiti ndani ya begi la shule.

Kwa hiyo kila mwanafunzi wangu nampa kazi moja kabla ya nyingine yoyote, na karibu wote huilalamikia. Chora majedwali matupu. Chukua karatasi, chora kila jedwali unalotarajia kuwa nalo katika sura ya nne, weka vichwa vya safu na vya mistari, acha vyumba bila namba. Kisha chukua hojaji yako unionyeshe ni swali gani litakalojaza kila chumba. Hapo ndipo mtu hugundua ana maswali kumi na moja yasiyoingia jedwali lolote, na lengo la tatu la utafiti wake halina swali hata moja. Atagundua pia makundi yake ya umri ni 20–30, 30–40, 40–50, na mwenye miaka 30 hajui aweke alama wapi. Kisha jaza hojaji na watu kumi wasiokuwemo kwenye sampuli, yaani wale utakaowahoji, utazame wanapokwama. Haya yote hayahitaji kompyuta. Yanahitaji penseli na mtu wa kukuuliza maswali magumu mapema, na mtu huyo ndiye mwalimu unayemtafuta.

Na hili neno "nifanyie". Mimi sifanyi, nafundisha. Kumlipa mtu akuandikie matokeo ni udanganyifu, na vyuo vinaadhibu. Lakini hata tukiacha adhabu, jopo la utetezi halitaniuliza mimi. Nilimpokea bwana mmoja aliyekuwa amerudishwa na jopo. Alikuwa ameandikiwa sura nzima ya rigresheni (hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyobadilika kingine kikibadilika) na mtu aliyelipwa mara moja, kisha simu yake ikawa haipatikani. Swali la kwanza la jopo lilikuwa: "Huu mgawo wa 0.42 unasema nini kuhusu wakulima wako?" Hakuwa na la kusema. Tulianza upya kutoka wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika), na kumbe mambo yenyewe hayakuwa juu ya uwezo wake. Baada ya wiki sita alikuwa akinisahihisha mimi.

"Kujua SPSS ndiko kujua takwimu"

Hapana. SPSS, programu ya kompyuta ya kuchanganua data, imekuwepo tangu 1968, na tangu siku hiyo hutii amri yoyote unayoipa, yenye maana na isiyo na maana. Ukiweka Mkristo 1, Mwislamu 2, dini nyingine 3, kisha ukaomba wastani, itakuletea 1.4 bila kusita. Nimeisoma sentensi hiyo katika rasimu ya tasnifu: wastani wa dini ya wahojiwa ni 1.4. Kubonyeza vitufe ni somo la siku mbili. Kujua ni kitufe gani usikibonyeze ndiko kunakochukua muda, na anayejitangaza kwamba "anafundisha SPSS" tu hajakuahidi hilo.

Wala si lazima iwe SPSS. Programu nyingine, R, ni ya bure. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990, na leo inatumika katika taasisi kubwa za utafiti duniani. Anayeogopa kuandika amri atumie jamovi au JASP, nazo ni za bure na zina menyu za kubofya. Nawasihi waacheni hizi nakala zilizovunjwa kufuli zinazopitishwa kwa flashi mkononi. Nimeona virusi vikimeza folda nzima ya tasnifu, na mwenyewe hakuwa na nakala nyingine.

"Sampuli ni asilimia 30, au fomula ya Yamane, basi"

Fomula ya Yamane ya 1967, ya kupata ukubwa wa sampuli, ni rahisi, ndiyo maana inapendwa: gawanya idadi ya watu kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara kosa unalovumilia likiwa limezidishwa kwa lenyewe. Walimu 1,200, kosa la 0.05: 1,200 mara 0.05 mara 0.05 ni 3, ongeza 1 upate 4; 1,200 kwa 4, unapata 300. Vizuri. Lakini fomula hiyo imejengwa kwa kazi ya kukadiria asilimia, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, na watu wakichaguliwa kwa bahati nasibu ya kawaida. Ukichagua shule kwanza kisha walimu ndani ya shule, walimu wa shule moja hufanana, na 300 yako haina uzito wa 300. Ukilinganisha makundi mawili, unahitaji hesabu nyingine inayozingatia tofauti unayotaka kuigundua. Na kama shule yote ina walimu 40, wahoji wote 40 uachane na fomula. Hiyo asilimia 30 sijawahi kupewa sababu yake na yeyote anayeitumia.

"p ikizidi 0.05 utafiti umeanguka"

Haujaanguka. p ni namba kati ya 0 na 1 ambayo jaribio la takwimu hukupa, na kwa mazoea iliyo chini ya 0.05 huhesabiwa kuwa ushahidi. Umesema kwamba data yako haikutoa ushahidi wa kutosha, na hilo ni jibu. Na p ya 0.03 haimaanishi kuna asilimia 97 kwamba nadharia tete yako, yaani dhana unayoijaribu, ni kweli. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi mwaka 2016 kwa sababu watafiti wakubwa walikuwa wakikosea jambo hilo hilo. p hujibu swali jembamba: kama hakuna athari yoyote, na masharti mengine ya jaribio yametimia, ni rahisi kiasi gani kupata matokeo kama haya au yaliyopita haya? Mtu akikuahidi kwamba "atahakikisha p inatoka", mkimbie. Majaribio 20 huru mahali pasipo na athari yoyote yana uwezekano wa karibu asilimia 64 wa kutoa angalau p moja iliyo chini ya 0.05. Huyo fundi wako atalisaka hilo moja, ayafiche 19.

"Nilipata D ya hesabu KCSE, mimi siwezi"

Unaweza. Wanafunzi wangu wawili bora zaidi walikuwa wa historia na Kiswahili. Takwimu za uzamili zinadai kujumlisha, kugawanya, na kusoma sentensi polepole. Wa lugha huisoma sentensi polepole.

"Walimu wazuri wako Nairobi"

Eneo hili lina Maseno, Masinde Muliro, Jaramogi Oginga Odinga na Kibabii, Egerton iko kule Njoro, na kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kiko hapa Kisian. Watu waliosomea takwimu wamejaa. Na aliye mbali anaweza kukufundisha kwa intaneti bila shida, mradi muone kioo kimoja cha kompyuta na wewe ndiye unayeandika. Msimamizi wako au mtahini wako usimlipe kwa siri akufundishe. Hilo litawaletea matatizo nyote wawili.

"Mwenye PhD ndiye mwalimu bora"

Si lazima. Cheti kinaonyesha alichojifunza, hakionyeshi kama anaweza kukueleza. Kabla ya kulipia masomo kumi, lipia saa moja, na katika saa hiyo mpe jambo dogo. Mimi mwenyewe nafurahi mgeni akinijaribu hivi.

Mwambie kuna akina mama watano wanaouza omena ufuoni Dunga. Kwa siku wanapata shilingi 400, 450, 500, 550, na wa tano, mwenye mashua yake, 3,100. Muulize: kipato cha muuza omena wa kawaida hapo ni kiasi gani?

Wastani ni 1,000, na hakuna hata mmoja kati yao anayepata pesa zinazokaribia hiyo elfu. Mediani, namba iliyo katikati ukizipanga kwa ukubwa, ni 500. Mwalimu anayekufaa ataziandika namba hizo mbili kwenye karatasi, kisha atakuuliza wewe kwa nini zimeachana hivyo, na atanyamaza akungoje ufikiri. Atataka kujua kama mwenye mashua kweli ni wa kundi moja na wale wanne. Atauliza unataka kujua nini: maisha ya muuzaji mmoja, au jumla ya pesa zinazoingia ufuoni, maana kwa jumla ya pesa wastani una kazi yake. Akikimbilia laptopu kabla hajauliza lolote kati ya hayo, mlipe saa yake, mshukuru, umtafute mwingine.