Kuloweka viungo kwenye pombe ni nini?

Kuloweka, kwa wachanganyaji wa vinywaji, ni kutia kiungo au majani ndani ya pombe kali, kuyaacha humo kwa muda uliopimwa, kisha kuchuja na kutupa makapi. Kinachobaki chupani ni pombe ile ile, ila sasa imebeba harufu na ladha ya kilicholowekwa. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye sheka, kile chombo cha chuma cha kutikisia vinywaji, pamoja na ndimu, sukari na barafu.

Watu huchanganya neno hili na mambo mawili ya jirani. Kuponda ni kukandamiza majani mabichi chini ya glasi muda mfupi kabla ya kunywa. Ladha yake ni ya papo hapo na haiwekwi akiba. Shira ni sukari iliyoyeyushwa kwenye maji, na nayo pia hubeba viungo, lakini maji ndiyo yanayofanya kazi pale, si pombe. Tofauti hiyo si ya jina tu. Harufu ya karafuu, iliki, mdalasini na mchaichai imo ndani ya mafuta, na mafuta hayakubali maji. Pombe huyakubali. Waragi, pombe kali ya Uganda, ikiwa ya asilimia 40 ina pombe ya kutosha kuvuta mafuta hayo, na bado ina maji mengi ya kuvuta rangi, uchachu na uchungu. Hapo ndipo penye faida na hatari kwa pamoja: chupa haichagui, inavuta kila kitu. Anayechagua ni wewe, kwa kujua lini utoe.

Kinachovutwa hakitoki chote kwa mpigo mmoja. Kwa kawaida harufu nyepesi hutangulia, kisha ladha nzito, na mwisho huja uchungu na ukakasi wa majani, maganda na vijiti. Kwa hiyo kila kiungo kina saa yake, na kosa kubwa la wanaoanza ni kutia vyote pamoja kwenye chupa moja na kuvisahau wiki nzima kabatini. Wanapofungua wanakuta karafuu tupu. Karafuu humeza kila kitu.

Vipimo vinavyofuata ni vya chupa ya mililita 750, pombe ya asilimia 40, mahali penye kivuli na joto la kawaida la chumba. Karafuu zisizidi 4, saa 4 hadi 6. Kijiti kimoja cha mdalasini cha urefu wa kidole, saa 6 hadi 12. Punje 10 za iliki zilizopasuliwa kwa ubapa wa kisu, saa 12 hadi 24. Gramu 60 za tangawizi mbichi iliyokatwa vipande vyembamba, siku 1 hadi 2. Majani ya chai nyeusi, vijiko 2 vya chai, dakika 20 hadi 30 basi. Ukizidisha, ulimi unakakamaa kana kwamba umelamba ganda la ndizi mbichi. Pilipili ndogo kali, ile ambayo Waganda huiita kaamulali, moja iliyopasuliwa katikati: onja baada ya dakika 15, kisha kila baada ya dakika 10. Kwa pilipili hakuna anayeweza kukupa saa kamili, maana mbili za mti mmoja hazilingani ukali.

Mchaichai unastahili maelezo zaidi, kwa sababu unapatikana karibu kila bustani na wengi hukosea sehemu ya kutumia. Kwa chai watu huchemsha majani marefu. Kwa kuloweka, acha majani. Chukua sehemu nyeupe ya chini, iliyo nene kama kalamu. Menya tabaka la nje lililokauka, pondaponda shina kwa mgongo wa kisu mpaka lipasuke na harufu ipande puani, kisha kata vipande vya sentimita 3. Mashina 3 kwa chupa, siku 1 hadi 2. Majani ya juu hutoa rangi ya kijani na ladha ya nyasi, na pombe inakuwa kama imepita shambani.

Mujaaja, majani yanayotiwa kwenye chai kwa wingi Buganda, ni jamaa wa mrihani. Kuna miti yake yenye mafuta yale yale yanayoipa karafuu harufu, na kuna mingine inayonukia zaidi kama zaatari. Sugua jani kiganjani kabla ya kulichuma. Lenye harufu ya karafuu linakwenda vizuri na nanasi; la zaatari linapenda ndimu na chumvi kidogo. Kiganja kimoja cha majani mazima, saa 2 hadi 4, kisha toa. Mnanaa na mrihani hufuata mkondo huo huo. Usikatekate majani mabichi: yakikatwa, hewa huyageuza kuwa ya kahawia, na rangi hiyo huhamia kwenye pombe pamoja na ladha ya mboga iliyolala.

Vanila ni kinyume cha yote haya, kwani yenyewe haina haraka. Ganda bichi la vanila, lile la kijani linalovunwa Mukono, Kayunga au Bundibugyo nchini Uganda, karibu halina harufu. Harufu huzaliwa baadaye, katika miezi ya kulitia joto, kulifunika litoke jasho na kulikausha polepole. Unaponunua, kunja ganda kwenye kidole: zuri linajipinda bila kuvunjika na linaacha mafuta kidogo kwenye ngozi. Linalokatika kama kijiti limekaushwa kupita kiasi. Ganda moja, pasua kwa urefu, kwangua mbegu, tia vyote chupani, siku 5 hadi 7 au zaidi. Vanila ni nadra kuharibika kwa kukaa, ndiyo maana inafaa kwa mtu anayejifunza.

Kuhusu pombe yenyewe. Vodka haina ladha yake, kwa hiyo inaonyesha kiungo waziwazi. Waragi ya kiwandani, iliyo ya jamii ya jini, tayari ina harufu zake. Ongeza vinavyoelewana nazo, kama mchaichai, iliki na maganda ya ndimu. Waragi ya kienyeji isiyo na muhuri, iwe lira-lira au jina lingine lolote, isiguswe kwa kazi hii. Hatari yake ni methanoli, aina ya pombe yenye sumu, iliyoua watu wengi Kabale, Uganda, mwaka 2010, na hakuna kiungo kinachoiondoa. Viungo huficha harufu ya pombe mbaya, basi. Hilo linaifanya kuwa ya hatari zaidi.

Chombo kiwe cha kioo chenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Plastiki hunywa harufu ya karafuu na haiitoi tena. Osha viungo vibichi na uvikaushe vizuri. Viungo vikavu tumia vizima, kamwe si vya unga: unga hupita kwenye chujio, huifanya pombe kuwa tope, na mdalasini wa unga hugeuka ute. Kijiti cha mdalasini ukiweza pata kile chembamba chenye matabaka kama karatasi iliyokunjwa. Kile kinene cha ganda moja gumu ni kikali zaidi, kwa hiyo anza na nusu. Usiweke chupa jikoni kwenye moto ili kuharakisha. Pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 26 hivi, na hilo ni joto la mchana wa kawaida Kampala. Sasa fikiria sufuria.

Namna ya kuonja nayo ina ujanja wake. Pombe tupu huchoma ulimi na kuficha uchungu. Chukua kijiko kimoja cha pombe iliyolowekwa na kijiko kimoja cha maji baridi, changanya, ndipo uonje. Kokteli iliyotikiswa na barafu huongezewa maji, na baridi hupunguza harufu, kwa hiyo ladha chupani iwe imezidi kidogo ile unayoitaka kwenye glasi. Ikifika, chuja mara mbili: kwanza kwa chujio la chai, kisha kwa kitambaa safi cha pamba au karatasi ya kuchujia kahawa. Usikamue makapi. Uchungu mwingi umejificha humo. Andika tarehe na kiungo kwenye chupa. Ya viungo vikavu hukaa miezi mingi kabatini. Ya majani mabichi weka kwenye friji na uimalize ndani ya wiki chache, kabla harufu haijafifia.

Ikizidi ukali, suluhisho ni moja: ongeza pombe tupu ya aina ile ile, kidogo kidogo, mpaka itulie. Ikiwa chungu kwa sababu ya nyama nyeupe ya ganda la ndimu, hapo hakuna dawa. Sukari itaufunika kwa muda na utarudi nyuma ya koo. Ikigeuka ya mawingu baada ya kutiwa maji ya toniki, usiogope. Hayo ni mafuta ya kiungo yaliyokosa pombe ya kuyashika, na kinywaji hakijaharibika. Maziwa au krimu vikiganda kwenye kokteli yenye tangawizi mbichi, lawama ni ya tangawizi: ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Tumia tangawizi iliyochemshwa kwenye shira, maana moto hukiua.

Shira hiyo ni rahisi. Gramu 200 za sukari, mililita 200 za maji, gramu 50 za tangawizi iliyokatwa nyembamba. Chemsha polepole dakika 10, zima, funika dakika 20, chuja. Kwenye friji hukaa kama wiki mbili. Ukitaka majani kama mnanaa au mujaaja ndani yake, yatie baada ya kuzima moto, yasichemke.

Kwa glasi moja: mililita 50 za waragi iliyolowekwa mchaichai, 25 za maji ya ndimu iliyokamuliwa sasa hivi, 25 za shira ya tangawizi. Jaza sheka barafu ngumu, tikisa sekunde 12 mpaka chuma kiume vidole, chuja kwenye glasi ndefu yenye barafu mpya, malizia na mililita 60 za soda tupu. Piga jani moja la mujaaja kati ya viganja, mara moja tu, uliweke juu karibu na pua ya mnywaji. Kungumanga ukipenda: kwaruza kidogo tu juu ya glasi, usiiloweke. Nyingi mwilini ni sumu, na chupani huwezi kujua imetoka kiasi gani.

Ganda la vanila ukishalitoa kwenye pombe usilitupe. Likaushe siku mbili kwenye sahani, lifukie ndani ya nusu kilo ya sukari kwenye chombo kilichofungwa, na baada ya wiki mbili una sukari ya vanila ya kutengenezea shira inayofuata.