Keria nayo imefungwa na nini?

Wiki iliyopita, katika maegesho ya Ziwa Duluti pale Tengeru, dereva kijana aliupiga kofi mtumbwi uliofungwa kwenye keria, yaani fremu ya kubebea mizigo juu ya paa la gari lake, akaniambia, "Mzee, huu hautoki hata kwa tetemeko." Mikanda miwili ya racheti, ile inayokazwa kwa mkono wa chuma, ilikuwa imekazwa katikati hadi ubavu wa plastiki ukabonyea pande zote mbili, na omoni (mbele ya mtumbwi) wala tezini (nyuma yake) hapakuwa na kamba yoyote. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kwa kuwa nilimjibu kwa ukali asioustahili, naandika hapa jibu ambalo nilipaswa kumpa.

Nakubali kwamba mtumbwi ule haukuwa na namna ya kutoka kwenye keria. Ninachouliza ni kama keria haitatoka kwenye gari. Keria nyingi za magari madogo hushikwa na vibano vinne vinavyong'ata ukingo wa paa juu ya milango, na kadiri unavyokaza mikanda ndivyo unavyougeuza mtumbwi na keria kuwa kitu kimoja, yaani bawa la mita tano linalotegemea boliti chache ambazo pengine hazijaguswa tangu zilipofungwa gereji. Upepo nao hausukumi kwa mbele tu. Huingia chini ya omo na kuinua, na nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo anayetoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100 hubeba upepo mara nne, si mara mbili. Hapo bado hujapishana na basi linalokimbilia Moshi.

Kwa hiyo mikanda huufunga mtumbwi kwenye keria, na kamba za omo na tezi huufunga kwenye gari lenyewe. Ni kazi mbili tofauti, na hakuna kiasi cha kukaza mkanda kitakachoufanya ufanye kazi ya kamba. Kamba hizo zifungwe kwenye ndoano ya kuvutia gari au kwenye vitanzi vilivyobanwa na boliti za madigadi chini ya boneti, kamwe si kwenye bampa la plastiki, ambalo siku hizi ni pambo tu.

Mengine nayapitia haraka. Mtumbwi ulazwe kifudifudi, kingo zake zikae juu ya vyuma vya keria, na vyuma hivyo viachane kadiri paa linavyoruhusu. Kitabu cha gari kisomwe: paa la gari dogo mara nyingi huruhusiwa kilo 50 hadi 75, uzito wa keria ukiwemo, na mtumbwi wa plastiki wa mita tano hufika kilo 40 bila shida. Mkanda ukivuma njiani, uusokote mara moja utanyamaza. Kitambaa chekundu kifungwe tezini.

Ninaloliona likipuuzwa zaidi ni racheti yenyewe. Imetengenezwa kwa ajili ya mizigo ya malori, na mkono wake wa chuma huzidisha nguvu kiasi kwamba kiganja hakihisi kinachotokea upande wa pili. Mtumbwi wa faiba ukibanwa hivyo hupata nyufa nyembamba kama nywele, ambazo utaziona maji yakishaanza kuingia. Plastiki iliyopigwa na jua la saa nane hufanya hila zaidi: huendelea kubonyea polepole chini ya mkanda, na kadiri inavyobonyea ndivyo mkanda unavyolegea, kwa hiyo aliyekaza kupita kiasi Tengeru hufika Usa River akiwa na mkanda unaopitisha vidole vitatu. Mimi hutumia mkanda wenye bizimu la kawaida, nikauvuta kwa uzito wa mikono tu, kisha nikautikisa mtumbwi kwa omo: gari likiyumba nao pamoja, inatosha. Baada ya matuta ya kwanza husimama na kukagua tena. Kamba ya katani ikilowa hujikaza na ikikauka hulegea, ilhali nailoni ikilowa hunyumbuka zaidi, kwa hiyo mvua ikinyesha ukaguzi wa awali hauna maana.

Kuhusu kamba ya omo, sina uhakika ambao watu hunidhania. Ikilegea inaweza kuingia chini ya gurudumu la mbele na kuuvunja mtumbwi uliokusudiwa kulindwa. Ikikazwa mno huipinda omo na kuibetua tezi. Ninafunga mbili kwa umbo la V, nikiondoa ulegevu bila kuvuta. Na ninapobeba mtumbwi mfupi wa mita tatu juu ya Land Cruiser, kwa mwendo wa kilomita 30 kwenye vumbi la kuelekea Momella, mara nyingine siifungi kabisa. Wenzangu wawili ninaowaheshimu hunilaumu kwa hilo, nami sijapata jibu zuri la kuwapa, isipokuwa kwamba mwendo ni mdogo na omo haivuki kioo cha mbele.

Yule kijana tulilegeza racheti zake hadi ubavu ukarudi karibu na umbo lake, tukafunga V mbele na kamba moja nyuma. Alipokuwa akizunguka gari, nilimwomba aguse boliti za keria moja baada ya nyingine. Ya nyuma, upande wa abiria, aliizungusha kwa vidole.